Kutu Iliyo Chini ya Rangi



Leo naomba niwasimulie habari ya gari. Najua wapo watakaosema, jamani, tumekuja kutafakari, sasa gari linaingiaje? Litaingia, nivumilieni kidogo. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ukichukua kitu cha kale kilichochakaa, ukakitengeneza mpaka kikang'aa, umekifufua au umekificha? Na la pili linafuata hapo hapo: ukishabadilisha vipande vingi, je, bado ni kitu kile kile? Zamani nilidhani haya ni maswali ya mafundi wa gereji. Nimekuja kugundua ni maswali ya kila mtu anayepiga magoti kwenye kiti cha maungamo.

Kwetu ni Nyakisasa, wilaya ya Ngara. Kwa ambaye hajafika, ni nchi ya vilima, migomba, kahawa, na udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Nyuma ya nyumba ya babu yangu mzaa mama kulikuwa na Land Rover ya mwaka 1957, yale matoleo ya kwanza kabisa yanayoitwa Series I, fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli. Babu aliinunua mnadani kabla mimi sijazaliwa. Ilibeba kahawa, ilibeba maharage, ilibeba maharusi, na usiku ilibeba wagonjwa kwenda hospitali ya Rulenge. Babu alikuwa katekista wa kigango, kwa hiyo Jumapili iliwabeba wazee wasioweza kutembea. Halafu siku moja ikagoma, hela ya kuitengeneza haikuwepo, ikasimama pale. Kuku wakaanza kutaga kwenye viti vya nyuma. Mimi nimekua nikitumwa: "Nenda kwenye gari ukaangalie mayai."

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Kahama kujifunza ufundi wa bodi: kunyoosha, kuchomelea, kupiga msasa, kupuliza rangi. Huko ndiko nilikoanza kuipenda ile Land Rover ya babu nikiwa mbali nayo. Nikasoma habari zake. Kumbe lilianza kama gari la shamba. Maurice Wilks, bosi wa ufundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jeep ya Kimarekani aina ya Willys iliyobaki baada ya vita, akaitumia shambani kwake. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya jeep. Mwaka 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na sehemu zake nyingi zikafungwa kwa boliti tu. Ndiyo maana hata fundi wa kijijini mwenye spana na subira anaweza kulifumua lote.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana tutalirudia. Alumini haili kutu kama chuma. Lakini mgongo wa gari, yaani chesisi, ni wa chuma, na ni kama boksi refu lililo wazi ndani. Maji na matope yakiingia humo hukaa. Kutu inaanzia ndani, polepole, inakuja nje mwisho kabisa. Kwa hiyo Land Rover ya kale inaweza kuwa na uso mzuri, milango imenyooka, bati halina tundu, na huku chini mgongo umeoza. Nje haikuambii kitu.

Nilichokifanya

Mwaka 2024 habari zikaenea kwamba Oktoba kutakuwa na tamasha kubwa la Land Rover pale Arusha, magari yatoke kila kona, lengo likiwa kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover, rekodi iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Binamu yangu akaja na simu, akanionyesha. Tukaangaliana. Tukaenda kwa babu.

Babu alicheka. Akasema, "Ninyi mnataka kumfukuza kuku wangu." Lakini usiku ule alitoa kadi ya gari kwenye sanduku, ameifunga kwenye kitambaa pamoja na cheti chake cha ndoa, akatukabidhi kwa mikono miwili. Hela ya mavuno ya kahawa akatupa karibu yote.

Tulifumua gari boliti moja moja. Injini, kwa maajabu ya Mungu, haikuwa imekwama. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha plagi, mpira za breki, na nyaya zote ambazo panya walikuwa wamekula. Kila jioni watoto wa jirani walikuja kutazama, na babu alikuwa anakaa kwenye kigoda akituhadithia kila kikwaruzo kilipatikana wapi.

Halafu nikafika kwenye chesisi. Namna ya kuipima ni rahisi: unaigonga kwa nyundo. Ikilia kwa sauti kali, ni nzima. Ikitoa sauti nzito kama debe lililojaa mchanga, imeoza. Mbele ililia vizuri. Katikati ililia vizuri. Nyuma, pale springi zinaposhikilia, nyundo ilizama.

Nilijua kabisa kinachotakiwa. Unakata chuma chote kilichooza mpaka ufike penye uzima, unachomelea sahani nene mpya, unaimarisha kona. Siyo kazi ya kubahatisha. Lakini sahani nene ni hela, fimbo za kuchomelea ni hela, na hela ya kahawa ilikuwa imeisha kwenye rangi na matairi. Siku zilikuwa zimebaki chache. Binamu alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba tunakwenda Arusha.

Basi nikafanya hivi. Nilikata bati jembamba, nikalibandika kwa nukta chache za moto, nikapaka puti juu yake, nikapiga msasa ikawa laini, nikapuliza rangi nyeusi. Ukiangalia, ungesema imetoka kiwandani. Hakuna aliyeniona. Hata binamu alikuwa ametumwa Rulenge kuchukua betri.

Jumapili iliyofuata tulilipeleka kigangoni. Kijani kimekolea, vioo vinameta. Baada ya misa padre alilinyunyizia maji ya baraka, akinamama wakapiga vigelegele, watu wakapiga picha. Wazee waliolipanda zamani walikuja kuligusa kama wanasalimia mtu. Mimi nilisimama pembeni nimekunja mikono, najifanya mnyenyekevu, na moyoni nimejaa. Nilikuwa najua kilichopo chini. Na bado nilijaa.

Jumanne babu akaniomba nimpeleke ng'ambo ya kilima, kwenye kaburi la bibi, kwa gari lile alilomwolea. Alivaa koti lake la ukatekista. Tukiwa tunashuka mteremko nikasikia mlio kama mti unaovunjika. Gari likakaa upande, likanivuta kulia, likaingia mtaroni. Springi ya nyuma ilikuwa imechomoka na kipande chote cha chesisi, pamoja na bati langu na puti yangu.

Babu alivunjika mkono. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Njia nzima hakulalamika. Alisema mara moja tu, "Pole, mjukuu wangu. Umejitahidi. Gari limezeeka."

Kijiji kizima kikasema hivyo hivyo. Gari la kale bwana, limezeeka. Na mimi nikaitikia: ndiyo, limezeeka.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipokuwa kubwa kuliko puti. Nilimwacha mzee wa watu anihurumie kwa jambo nililomtendea mwenyewe.

Kwenye kiti cha maungamo

Arusha hatukwenda. Majilio yakafika. Nilikaa kwenye foleni ya maungamo, nikatoka kwenye foleni, nikarudi. Nilipoingia nilisema yote. Naweza kuwaambia, maana siri ile inamfunga padre, mimi hainifungi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Babu anajua?"

Nikanyamaza. Akasema Mungu ananisamehe kweli kweli, wala nisiwe na shaka. Lakini huku nyumbani kuna mtu bado anaamini kwamba gari lake ndilo lenye kosa.

Nilimwambia babu jioni ile ile, tukiwa wawili jikoni. Ningependa kuwaambia kwamba alinikumbatia palepale kama yule baba wa mwana mpotevu. Hapana. Alinyamaza. Alinyamaza siku mbili. Chakula alikula, salamu aliitika, lakini jina langu hakulitaja. Siku ya tatu asubuhi alinikuta nje, mkono wake umefungwa shingoni, akasema maneno mawili: "Lifumue tena."

Kuanzia hapo mpaka Kwaresima tulifanya kazi. Nilipiga vibarua, nilichomelea madirisha ya watu, kila shilingi ikaenda kwenye chuma. Nilikata robo ya nyuma ya chesisi yote, siyo mahali palipovunjika tu. Maana kutu ukiifuata huwa inakwenda mbali kuliko ulivyodhani. Babu alikaa kwenye kigoda chake akinishikia tochi kwa mkono mzima. Nilipofikia sehemu nikasema, "Hapa panatosha, babu," alichukua nyundo akagonga mwenyewe. Akasikiliza. Akasema, "Kata tena."

Je, bado ni gari lile lile?

Sasa turudi kwenye swali letu. Gari lilipokamilika lilikuwa na chesisi mpya nyuma, nyaya mpya, matairi mapya, breki mpya, viti vipya. Binamu akauliza kwa utani, "Hili bado ni la babu, au tumetengeneza lingine?"

Ni swali la siku nyingi. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakasema siyo. Hata sisi tunalo. Jembe la bibi limebadilishwa mpini mara nne na hakuna anayesema ni jembe la mtu mwingine.

Mimi nilifikiri sana chini ya lile gari. Kama kitu ni jumla ya vipande vyake tu, basi hata mimi siyo yule mtoto aliyekuwa akiokota mayai. Mwili wangu wa leo siyo ule. Lakini ni mimi niliyebatizwa. Kanisa linatufundisha kwamba Ubatizo unaacha alama isiyofutika rohoni. Dhambi inaweza kuzuia matunda yake, lakini haiwezi kuifuta, ndiyo maana mtu habatizwi mara mbili. Mkristo aliyeanguka akarudi hapewi jina jipya. Anaitwa kwa jina lile lile aliloitwa siku ile kwenye maji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kinachokifanya kitu kiwe kile kile ni uaminifu kwa historia yake. Ukibadilisha kipande kwa sababu unataka gari liendelee kuwa lenyewe, na ukasema wazi kwamba umekibadilisha, historia inaendelea. Ukibadilisha au ukifunika ili watu waamini uongo, historia imekatika, hata kama vyuma vyote ni vya mwaka 1957. Siku ile ya vigelegele, gari lilikuwa na karibu vyuma vyake vyote vya asili. Na ndiyo siku ambayo lilikuwa la uongo kuliko siku zote.

Mnakumbuka Bwana alipofufuka? Mwili wake ulikuwa mtukufu, milango imefungwa na bado akaingia. Lakini makovu ya misumari aliyabakiza, na akamwambia Tomaso ayaguse. Angeweza kuyafuta. Hakuyafuta. Nilipowaza hivyo niliamua jambo moja la kifundi. Ule mshono wa kuchomelea, pale chuma kipya kinapokutana na cha zamani, sikuupaka puti. Nimeupaka rangi ya kuzuia kutu tu. Ukilala chini ya gari utauona, umetuna kama kovu. Ukiuliza, nitakuambia yote.

Na huo uamuzi ulijaribiwa mapema. Baada ya Pasaka alikuja bwana mmoja kutoka mjini, mpenzi wa magari ya kale. Alizunguka, akapiga picha, akataja bei ambayo mimi sijawahi kuishika. Halafu akauliza, "Chesisi ni orijino yote?" Binamu alinitazama jicho ninalolijua. Hela ile ingeezeka nyumba ya babu, ingelipa madeni yetu yote. Nikamwambia: "Nyuma siyo. Ilioza, nimeijenga upya. Lala uangalie." Akalala, akaangalia, akashukuru, akapunguza bei kwa karibu nusu. Babu akakataa. Jamaa akaondoka. Sikujisikia shujaa, niwaambie ukweli. Nilijisikia mtu aliyepoteza hela. Lakini usiku nililala.

Je, ni ubatili?

Swali lingine mtakalouliza, na ni la haki: kuna watu hawana dawa, ninyi mnamwaga hela kwenye gari la kale ili mkalionyeshe. Si ubatili huo?

Inategemea. Miaka ya 1950 kule Marekani kampuni kubwa za magari zilikuwa zinabadilisha sura za magari yao kila mwaka. Harley Earl, mkuu wa wabunifu wa General Motors, alichukua wazo la mkia kutoka kwenye ndege ya kivita, akaiwekea Cadillac ya mwaka 1948 mapezi madogo nyuma. Kufikia Cadillac ya mwaka 1959 mapezi yalikuwa marefu yamesimama kama ya papa. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kama la jana. Mabadiliko yale yalikuwa na kazi moja kubwa, kumfanya mwenye gari la jana alione la kwake limepitwa. Yaani biashara ilikuwa inauza kutoridhika. Vijana, sisi hatuna Cadillac, lakini tuna simu. Mnanielewa.

Halafu tazama Mungu anavyocheka. Magari yale yale yaliyobuniwa yachosheke baada ya mwaka mmoja, Cuba yanatembea mpaka leo. Vikwazo vya Marekani vilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari mapya na vipuri vikakatika. Mafundi wa Havana wakajifunza kuponya: Chevrolet ya mwaka 1955 inawekewa injini ya dizeli ya Kirusi, kipuri kinachongwa kwa mkono, na inabeba abiria kila siku. Mhitaji alikithamini kile ambacho tajiri alifundishwa kukidharau.

Mtakatifu Agostino anatufundisha kutofautisha vitu vya kutumia na kile cha kupumzikia moyo. Vitu tunavitumia tukiwa safarini. Mungu peke yake ndiye wa kupumzikiwa. Ukigeuza, ukaanza kupumzika kwenye kitu na kumtumia Mungu, umepotea. Siku ile kigangoni mimi niliyatumia maji ya baraka kama rangi ya mwisho juu ya puti yangu. Huo ndio ubatili, vijana. Kutengeneza gari la kale peke yake siyo ubatili. Baba Mtakatifu Fransisko, apumzike kwa amani, mwaka 2013 aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba inamuuma kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Mwaka huo huo padre mmoja wa Italia alimpa zawadi ya Renault 4 ya mwaka 1984 iliyokuwa imeshatembea kilomita kama 300,000 kwenye kazi ya kuwahudumia maskini, naye akaipokea kwa furaha. Na katika barua yake ya Laudato Si', mwaka 2015, alitukemea kwa utamaduni wa kutupa: tunatupa vitu, na mwisho tunatupa watu. Anayejifunza kukarabati anajifunza pia kutomtupa mtu.

Wanaoangalia chini

Nairobi kuna maonyesho yanayoitwa Africa Concours d'Elegance, yanafanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hushindanishwa kwa usafi na utunzaji. Waamuzi hawaishii kwenye rangi. Wanafungua boneti, wanaangalia ndani, na wanakagua mpaka uvunguni. Aliyeng'arisha juu tu anajulikana mapema.

Mnajua ninachowaza. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanafanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, nje yanapendeza, ndani ni mifupa. Zamani nilikuwa naliogopa neno hilo kama hukumu tu. Siku hizi nalisikia kama sauti ya fundi. Fundi mzuri akikuambia chesisi yako imeoza hakutukani. Anakuokoa kabla ya mteremko. Mwamuzi wa maonyesho akiona kutu anakata alama, anaondoka. Mungu akiiona anachukua nyundo, anagonga, anasikiliza, anasema, "Kata tena." Na anakaa hapo hapo akikushikia tochi.

Sisi vijana wa leo ni hodari wa puti. Tunajua kupiga picha kanisani. Tunajua kuimba kwaya huku tumenuniana. Wengine tumebeba jambo zito la siri, deni, mahusiano, ulevi, wizi mdogo mdogo kazini, na juu yake tumepuliza rangi nyeusi nzuri. Nawaomba kama ndugu yenu: msisubiri mteremko. Kwenye mteremko huwa hauko peke yako ndani ya gari. Huwa umempakia mtu anayekuamini.

Mafundi wa vyuma tuna msimamizi wetu, Mtakatifu Eligio, sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba. Alikuwa mfua dhahabu kabla ya kuwa askofu wa Noyon, Ufaransa. Inasimuliwa kwamba mfalme Klotari alimpa dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi, yeye akatengeneza viwili kutokana na dhahabu ile ile, bila kuiba hata chembe. Mfalme akamwamini kuanzia siku hiyo. Nimebandika picha yake gereji, juu ya meza ya spana. Kila nikishika kopo la puti namwona ananitazama. Puti siyo dhambi, ina kazi yake. Lakini haishikilii springi.

Babu mkono umepona, ingawa baridi ikija unamuuma. Mwezi uliopita tulimaliza ile safari yetu. Tuliteremka mteremko ule ule taratibu, gia ya pili, hakuna aliyeongea. Tulipofika kwenye kaburi la bibi tulisali fungu moja la rozari. Wakati wa kurudi babu alizunguka nyuma ya gari, akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye ule mshono wangu uliotuna. Akasema, "Hapa ndipo penye nguvu sasa." Akapanda.

Tutafakari wiki hii:

Ni wapi maishani mwangu ninapojua kabisa nyundo itazama, na sijagonga?

Nani anabeba lawama, au ananihurumia, kwa kosa ambalo ni langu?

Kuna mtu au kitu nilichokitupa kwa sababu tu nimeambiwa kimepitwa na wakati?

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyefanya kazi kwenye karakana ya Yosefu, unajua mbao nzima na iliyoliwa na wadudu. Tugonge. Tusipolia vizuri, usituache, wala usitufunike. Kata mpaka penye uzima, na makovu utakayotuachia yawe mahali pa nguvu yetu. Mtakatifu Eligio, utuombee. Amina.